Wakala wa Akili Mnemba Amegoma Baada ya Sasisho: Dalili, Chanzo na Tiba

Malalamiko karibu yote huanza kwa maneno yale yale: "Jana ilikuwa inafanya kazi." Ukiuliza kilichobadilika, unaambiwa hakuna. Ukitazama namba ya toleo, unakuta programu ilijisasisha yenyewe usiku.

Programu za wakala, zile unazoweka kwenye kompyuta ili akili mnemba isome faili zako, iendeshe amri na kubofya kwa niaba yako, husasishwa mara kwa mara kuliko programu nyingi tulizozizoea. Kila toleo huja na swichi mpya, ruhusa mpya, na pengine jina jipya la kitu cha zamani. Kwa uzoefu wangu, modeli yenyewe, yaani akili mnemba inayojibu, ndiyo ya mwisho kulaumiwa. Kosa huwa kwenye maungio: ufunguo, njia ya faili, ruhusa ya mfumo, au faili la mipangilio lililoandikwa kwa kanuni za toleo lililopita. Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, soma maelezo ya toleo. Ni dakika mbili tu, na mara nyingi "hitilafu" yako imeandikwa pale kama kipengele kipya.

Kisha nakili folda ya mipangilio mahali pengine. Kwenye Windows, programu nyingi huiweka ndani ya `%APPDATA%`. Kwenye macOS ndani ya `Library/Application Support`. Kwenye Linux ndani ya `~/.config`. Usikimbilie kufuta programu na kuisakinisha upya. Usakinishaji mpya kwa kawaida hauigusi folda hiyo, kwa hiyo mpangilio mbovu hurudi kama ulivyokuwa. Na ukiifuta folda yenyewe, unaweza kupoteza mazungumzo yote, maana programu nyingi za aina hii huyahifadhi kwenye mashine yako pekee.

Dirisha halifunguki, au linafunguka likiwa jeusi

Sababu ya kawaida kabisa ni toleo la zamani kuendelea kuishi nyuma ya pazia. Ulifunga dirisha, lakini programu imebaki kwenye kona ya upau wa kazi, na toleo jipya linagongana nalo. Fungua kidhibiti cha kazi, tafuta jina la programu, zima kila mchakato wake, kisha anza upya. Kuwasha kompyuta upya hufanya kazi hiyo hiyo kwa mkupuo.

Bado ni jeusi? Angalia kadi ya grafiki. Nyingi za programu hizi zimejengwa kwa Electron, yaani ndani yake mna kivinjari kizima cha Chromium, na kivinjari hicho hutegemea kadi ya grafiki kuchora dirisha. Izindue kutoka terminali (dirisha la kuandikia amri) ukiongeza `--disable-gpu`. Ikifunguka vizuri, umempata mkosaji: sasisha dereva wa kadi, kisha iondoe amri hiyo.

Watumiaji wa Linux wana mambo yao. Faili za AppImage (programu nzima ndani ya faili moja) za mtindo wa zamani huhitaji FUSE ya toleo la 2, sehemu ya mfumo inayoziwezesha kufunguka, ambayo Ubuntu 22.04 haiji nayo. Ubuntu 24.04 nayo iliongeza kizuizi cha AppArmor (mlinzi wa mfumo) kinachofanya programu za Electron zilalamike kuhusu "sandbox", yaani kizimba cha usalama, na kufa papo hapo. Utashauriwa uongeze `--no-sandbox`. Fanya hivyo kwa jaribio moja tu, si kila siku. Kizimba hicho ndicho kinachozuia ukurasa mbaya wa wavuti kutoka nje ya dirisha lake, na wakala anasoma kurasa za watu usiowajua kutwa nzima.

Mara chache, antivairasi imeweka faili moja karantini. Simama hapa. Usiipe programu msamaha kabla hujahakikisha kwamba uliipakua kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe na kwamba sahihi yake ya kidijitali ni halali. Programu bandia zinazojiita kwa majina ya mawakala maarufu zipo, na lengo lake ni nywila zako.

Inafunguka vizuri, lakini kila ujumbe unarudisha kosa

Tafuta namba. Namba ya kosa inasema mengi kuliko sentensi iliyo karibu nayo.

401 maana yake seva haikutambui. Ufunguo wa API (herufi za siri zinazokutambulisha kwa mtoa huduma) umekatika wakati wa kunakili, umebeba nafasi tupu mwishoni, au sasisho limeufuta kwenye hifadhi salama ya mfumo. Bandika upya. 403 ni tofauti: unatambulika, ila huruhusiwi. Pengine modeli uliyochagua haimo kwenye mpango wako, au huduma haipatikani ulipo.

429 ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu ina maana mbili. Ya kwanza ni kasi: umetuma maombi mengi mno kwa dakika moja, subiri kidogo na yatapita. Ya pili ni salio: kwa baadhi ya watoa huduma, OpenAI wakiwemo, kuishiwa salio la API nako huja kama 429, na hapo hata ukisubiri mpaka kesho hakuna kitakachobadilika. Nimeona mtu akilipia usajili wa kila mwezi wa programu ya mazungumzo, kisha akashangaa kwa nini ufunguo wa API unakataa. Kwa kawaida hivyo ni vitu viwili vyenye mifuko miwili. Usajili wa gumzo haujazi salio la API.

500, 503, na kwa Anthropic 529, ni matatizo ya upande wao au msongamano. Angalia ukurasa wa hali ya huduma, nenda kanywe maji.

Kama hakuna namba yoyote, ni "imeshindwa kuunganisha" tu, fuata mpangilio huu. Tazama saa ya kompyuta: ikiwa imepotea kwa siku kadhaa, vyeti vya usalama huonekana batili na kila muunganisho hukataliwa. Zima VPN kwa muda. Kisha jiulize kama uko kwenye mtandao wa ofisi. Ofisi nyingi hupitisha mawasiliano kwenye proksi (seva ya kati) inayofungua na kufunga upya usimbaji kwa cheti chao wenyewe. Kivinjari chako kinakiamini cheti hicho kwa sababu mafundi wa ofisi walikiweka kwenye mfumo, lakini programu iliyojengwa juu ya Node.js (mfumo wa kuendesha programu za JavaScript) inaweza kuwa na orodha yake ya vyeti na isikitambue. Tiba halali ni kuielekeza kwenye cheti hicho kupitia `NODE_EXTRA_CA_CERTS`. Tiba haramu, inayozagaa kila mahali, ni kuzima kabisa ukaguzi wa vyeti. Usiizime. Mwite fundi wa mtandao wa ofisi; kompyuta ile si yako peke yako, na data inayopita humo pia si yako peke yako.

Zana zimepotea, au seva ya MCP inaonyesha alama nyekundu

Hapa ndipo saa nyingi hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

MCP ni itifaki ambayo Anthropic iliitoa Novemba 2024, na sasa programu nyingi za wakala huitumia kuunganisha modeli na zana za nje: hifadhidata, kalenda, faili, kivinjari. Unaandika kwenye faili la JSON (maandishi ya mipangilio yenye kanuni kali za alama) amri ya kuwasha seva, yaani programu ndogo inayotoa zana hizo, na programu inaiwasha yenyewe. Inapokataa, sababu ni hizi, kuanzia ile ninayokutana nayo zaidi.

Ya kwanza ni JSON iliyoharibika. Koma moja ya ziada baada ya kipengele cha mwisho inatosha kulifanya faili zima likataliwe, na seva zote zikapotea kwa pamoja. Hiyo ndiyo dalili yake: si zana moja iliyopotea, ni zote. Kwenye Windows, alama ya mkwaju wa nyuma katika njia ya faili lazima iandikwe mara mbili, `C:\\Kazi\\mradi`, la sivyo JSON huisoma kama kitu kingine. Alama za kunukuu zilizopinda, zile ambazo vihariri vya nyaraka huziweka kwa ajili ya urembo, nazo hazikubaliki. Mimi mwenyewe nilipoteza jioni nzima kwa alama moja ya namna hiyo niliyoinakili kutoka kwenye waraka. Kwa macho yangu ilifanana kabisa na ile sahihi. Tangu siku hiyo, kila faili ninalipitisha kwanza kwenye kikagua JSON.

Ya pili: `spawn npx ENOENT`, au maneno kama hayo. Maana yake ni fupi, amri (hapa `npx`, inayokuja na Node.js) haikupatikana. Lakini ukiiandika terminali, inafanya kazi! Ndiyo, kwa sababu terminali husoma faili zake za kuanzia na kuipata orodha ya PATH, yaani folda ambamo kompyuta hutafuta amri. Programu uliyoizindua kwa kubofya ikoni kwenye macOS hairithi orodha hiyo. Ukiwa ulisakinisha Node kupitia nvm (kisimamizi cha matoleo ya Node), ndiyo kabisa. Andika `which npx` kwenye terminali, chukua njia kamili inayorudi, uiweke badala ya neno `npx`. Kama kosa litabadilika na kulalamikia `node`, iwekee seva PATH kamili kwenye sehemu ya `env` ya mpangilio ule. Kwa Windows, `npx` kwa hakika ni faili la amri na si programu kamili, kwa hiyo mara nyingi inabidi amri iwe `cmd` na hoja zake zianze na `/c` kisha `npx`.

Ya tatu ni seva inayowaka na kuzima palepale. Soma logi yake, yaani kumbukumbu ya matukio. Seva ya MCP inayozungumza na programu kupitia mlango wa kawaida wa matokeo (stdout) inatakiwa itoe ujumbe wa JSON-RPC, muundo wa ujumbe ambao MCP hutumia, pekee kwenye mlango huo. Mtu aliyeandika seva yake mwenyewe akaacha `print("imeanza")` mahali fulani amekwisha kuvunja mawasiliano. Ujumbe wa uchunguzi upelekwe kwenye mlango wa makosa (stderr).

Ya nne ni sasisho lenyewe. Baadhi ya matoleo huhamisha faili la mipangilio au huacha zana mpya zikiwa zimezimwa mpaka uzikubali moja moja. Hii si hitilafu, ni ulinzi, na naiunga mkono: seva ya MCP ni programu kamili inayoendeshwa kwa mamlaka yako. Ukiwa hujui nani aliiandika, usiiwashe ili tu kuondoa alama nyekundu.

Wakala anasema haoni skrini, au anabofya pembeni ya kitufe

Kwenye macOS ruhusa ni zaidi ya moja: kurekodi skrini ili aone, ufikivu ili abofye na kuandika, na folda ili asome. Ukishatoa ruhusa, funga programu kabisa na uifungue tena. Kuna mtego mmoja baada ya sasisho: swichi inaonekana imewashwa lakini mfumo unakataa, kwa sababu rekodi iliyopo ni ya programu ile ya zamani. Kuiwasha na kuizima hakusaidii kila mara. Iondoe kwenye orodha kwa kitufe cha alama ya kutoa (−), kisha iongeze upya.

Akibofya pembeni, tazama ukuzaji wa skrini. Skrini ikiwa kwenye asilimia 125 au 150, picha anayoiona na nafasi halisi ya kipanya vinaweza kutofautiana. Irudishe kwenye asilimia 100, chomoa skrini ya pili, jaribu tena. Kwenye Linux, Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha) hairuhusu programu kunasa skrini nzima na kubofya ovyo kama ilivyokuwa kwa X11, mfumo wa zamani. Kila kitu hupitia lango maalumu la ruhusa, na programu isiyolijua lango hilo itabaki kipofu.

Na kwenye Windows, akishindwa kwa dirisha moja tu huku mengine yakimtii, huenda dirisha hilo linaendeshwa kwa haki za msimamizi. Windows huzuia programu ya kawaida kubofya dirisha la namna hiyo. Usilitatue kwa kumwendesha wakala naye kama msimamizi. Bofya hapo mwenyewe, kisha mwache aendelee.

Anasahau maagizo, au anarudia hatua ile ile

Kila modeli ina dirisha la muktadha, kiasi cha maandishi inachoweza kukishika kwa wakati mmoja. Likijaa, programu nyingi sasa hufupisha mazungumzo ya mwanzo zenyewe, na sharti lako la "usiguse folda ya picha" linaweza kupotelea kwenye ufupisho huo. Anza mazungumzo mapya kwa kila kazi mpya. Masharti ya kudumu yaandike kwenye faili la maagizo la mradi. Programu nyingi husoma `AGENTS.md`. Punguza pia zana zilizowashwa, kwa sababu maelezo ya kila zana huliwa kutoka dirisha lile lile hata kama zana haijaitwa.

Mnaotumia modeli za ndani, yaani zinazoendeshwa kwenye kompyuta yenyewe, kupitia programu ya Ollama, sikilizeni hili. Modeli inaweza kutangazwa kuwa na dirisha la tokeni (vipande vya maneno) 128,000, lakini Ollama kwa muda mrefu ilianza na 2,048, kisha 4,096, isipokuwa umeiambia vinginevyo. Maagizo ya mfumo pamoja na orodha ya zana za wakala huweza kuzidi hapo kabla hujaandika neno. Kinachozidi hukatwa kimyakimya, na wakala anaonekana mjinga kumbe ameraruliwa kurasa za mwanzo. Pandisha `OLLAMA_CONTEXT_LENGTH` na uwashe upya huduma.

Modeli ya ndani haionekani, au inatambaa

Haionekani: Ollama husikiliza poti 11434, na LM Studio, programu nyingine kama hiyo, 1234. Kama anwani ni `localhost`, yaani mashine hii hii, na unakataliwa, andika `127.0.0.1` badala yake. Kuanzia toleo la 17, Node.js inaweza kuchukua anwani ya IPv6 (mtindo mpya wa anwani za mtandao) kwanza, wakati seva inasikiliza kwenye IPv4, mtindo wa zamani. Ukiendesha wakala ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta), `localhost` ni kontena lenyewe, si kompyuta yako.

Inatambaa: andika `ollama ps` uone modeli imekaa wapi. Modeli ya vigezo bilioni 7 iliyobanwa kwa biti 4 huhitaji takribani GB 4 kwa uzito wake tu, kisha dirisha la muktadha linaongeza juu yake. Isipoenea kwenye kumbukumbu ya kadi ya grafiki, sehemu yake huhamia kwenye prosesa na kasi huporomoka. Chagua modeli ndogo zaidi au punguza dirisha. Kompyuta ikijizima ghafla, safisha matundu ya hewa na uijaribu ikiwa imechomekwa umeme. Betri ikivimba, kibodi ikiinuka, au ukisikia harufu ya kuungua, izime, chomoa chaja na mpelekee fundi. Usiifungue mwenyewe.

Gharama zimepanda bila kazi kuongezeka

Wakala hutuma historia yote ya mazungumzo upya katika kila hatua. Hatua ya 40 hubeba mzigo wa zile 39 zilizotangulia, na picha za skrini ni mzigo mzito. Angalia kama sasisho limebadilisha modeli chaguomsingi, kama limewasha kazi za ratiba zinazoendeshwa usiku, kisha weka kikomo cha matumizi kwenye akaunti ya mtoa huduma. Matumizi yakionekana saa ambazo kompyuta ilikuwa imezimwa, acha uchunguzi: ufunguo umevuja. Ufute papo hapo, tengeneza mwingine, halafu ndipo utafute ulipovujia.

Amefuta au kubadilisha faili ambazo hukumwagiza

Mzuie kwanza. Kisha usiandike chochote kwenye diski hiyo, wala usisakinishe programu ya kurejesha faili humo humo. Faili iliyofutwa kwa amri ya terminali haipitii pipa la taka, na kwenye diski za SSD mfumo huweza kuisafisha data hiyo baada ya muda mfupi. Tazama nakala rudufu na historia ya hifadhi ya wingu. Ukiwa na Git (programu ya kutunza historia ya faili), `git status` itakuonyesha kilichoguswa, na `git restore` itarudisha. Ila itafuta pia mabadiliko yako mwenyewe ambayo hukuyahifadhi ndani ya Git, na haitaweza kurudisha faili ambazo Git haikuwahi kuzijua. Kama faili hizo hazina nakala na ni za thamani, zima kompyuta na umwite mtaalamu wa kurejesha data. Kila jaribio la ziada hupunguza nafasi yake ya kufaulu.

Baada ya hapo ndipo uulize kwa nini. Mara nyingi ni agizo lenye utata pamoja na hali ya kukubali kila kitu bila kuuliza, ambayo watu huiwasha wakichoka kubofya "ndiyo". Irudishe iulize, angalau kwa kufuta, kutuma na kulipa. Mara nyingine chanzo ni kibaya zaidi: wakala alisoma barua pepe au ukurasa wenye maagizo yaliyofichwa, akayatii kana kwamba yametoka kwako. Ukiona amri ambayo huielewi ilikotoka, hasa inayotuma kitu nje, kata mtandao, badilisha nywila na funguo zote alizoweza kuzifikia ukitumia kifaa kingine, na ukiwa kazini wajulishe wahusika wa usalama siku hiyo hiyo. Usifute mazungumzo yale, ndiyo ushahidi.

Ukiamua kuripoti

Taja toleo la programu, toleo la mfumo, modeli, hatua za kulirudia kosa, na sehemu ya logi inayolizunguka. Kabla ya kuituma, tafuta ndani ya logi herufi `sk-`, ambazo funguo za OpenAI na Anthropic huanza nazo, pamoja na anwani za barua pepe na majina ya folda zako. Futa unachokikuta. Ikiwa logi hiyo uliishaituma mahali palipo wazi, kuifuta hakutoshi; ufunguo huo uhesabu umekwenda na uubatilishe.